Wakuu, Linux zangu kwenye z/VM (mfumo wa IBM unaogawa meinfremu kuwa mashine pepe nyingi) haziwaki zenyewe. Profaili ya pamoja ina kasoro gani?

KijanaWaMeinfremu: Habari zenu wakuu. Niko Ujerumani, nimerithishwa meinfremu (kompyuta kubwa ya kampuni) baada ya mzee wetu kustaafu. Nimetengeneza profaili moja (mipangilio ya pamoja ya mashine pepe), LNXDFLT, na kila mashine mpya naiwekea INCLUDE LNXDFLT. Ndani yake kuna mtandao, konsoli, IPL CMS PARM AUTOCR (inawasha CMS, mfumo mdogo unaotangulia Linux, bila kungoja mtu abonyeze Enter), na LINK ya diski ya mashine ya LNXMAINT yenye PROFILE EXEC, skripti ambayo CMS inaiendesha ikiwaka. Nikiingia mwenyewe kwa 3270 (skrini ya meinfremu), Linux inawaka safi. Nikiiita mashine kwa XAUTOLOG, amri ya kuiwasha kwa mbali, kimya. Dakika kama 15 hivi sistimu inaifukuza. Nahangaika tangu Jumatatu.

FundiSaa: Hiyo PROFILE EXEC inafanya nini?

KijanaWaMeinfremu: Inatengeneza swopu (nafasi ya akiba ya kumbukumbu) kwa SWAPGEN 300 524288, yaani vipande 524288 vya baiti 512 kwenye diski 300, halafu inauliza kama iwashe Linux kutoka diski 100. Nikijibu y, inapiga CP IPL 100, amri ya kuwasha kutoka diski hiyo.

FundiSaa: Sasa inamuuliza nani, mkuu? XAUTOLOG inawasha mashine pasipo mtu kwenye konsoli. Inasubiri jibu, CP (kiini cha z/VM kinachosimamia mashine zote) inaona imezubaa, inaitoa. Ifanye ijiulizie kwanza: CP QUERY ya jina lake ikirudisha DSC (yaani hakuna aliyeunganishwa kwenye konsoli), ipige IPL 100 moja kwa moja. Swali libaki kwa anayeingia kwa mkono.

MamaSeva: si aweke tu IPL 100 kwenye profaili, mbona mzunguko wote huo

FundiSaa: Dada, utampoteza mwenzio. SWAPGEN inaendeshwa ndani ya CMS. Akiiruka CMS, zile MB 256 za swopu hazitengenezwi, Linux inaamka bila swopu. Na kijana, MDISK (mstari unaoipa mashine diski yake) iandike kwenye mashine husika, sio kwenye profaili. Mashine mbili zikiandika silinda (sehemu za diski) zilezile utatafuta kazi nyingine.

KijanaWaMeinfremu: Imekubali! Lingine dogo: mashine ya hifadhidata nimeipandishia kumbukumbu toka 2G hadi 16G kwenye mstari wa USER, nikapiga DIRECTXA (amri ya kuweka mipangilio mipya kazini), nikaireboti Linux. Bado 2G.

MamaSeva: hapo na mimi niliwahi kukesha 😅 kureboti hakusaidii, mashine inachukua vipimo vyake inapoingia. izime Linux vizuri, LOGOFF, ndio uiite upya

KijanaWaMeinfremu: 16G hiyo hapo. Bosi nilimwombea saa nzima ya kuzima, nimetumia dakika 4. Sijamwambia bado.