Super Mario Bros. 3: ya 1988, ya 1993 au ya 2003?

KidoleGumba
Wakuu, naomba ushauri. Nataka kuirudia Super Mario Bros. 3, gemu la zamani la Nintendo, na safari hii niimalize, dunia zote 8, bila kuruka hata moja. Utotoni barafu ya Dunia ya 6 ndiyo ilikuwa mwisho wangu. Naona kuna tatu za kuchagua: ya asili ya mashine ya NES (Japani 1988, Marekani 1990), iliyochorwa upya ndani ya Super Mario All-Stars ya SNES, mashine iliyofuata NES, mwaka 1993, na Super Mario Advance 4 ya Game Boy Advance (GBA), ile ya mkononi, 2003. Nishike ipi?

MzeeWaKaseti
Ya asili, mkuu. Kaseti ile haisevu kitu: ukizima mashine, kesho unaanza Dunia ya 1. Wengi wanaiita kasoro, ila mimi naona hapo ndipo firimbi, zile za kukurusha mbele dunia kadhaa, zinapopata kazi. Mbili zimefichwa humo humo Dunia ya 1. Moja iko 1-3 (Dunia ya 1, hatua ya 3), unachuchumaa juu ya kile kizuizi cheupe mpaka unadondoka nyuma ya mandhari. Nyingine iko kwenye ngome, unapaa kwa mkia, ule Mario anaoupata akiokota jani, hadi juu ya dari. Hizo mbili tu zinakufikisha Dunia ya 8. Anayesevu atazipulizia nini?

Bi_Pikseli
Mzee, mwenzio kasema hataki kuruka dunia, wewe unampa firimbi 😂

KidoleGumba, chukua All-Stars. Inakumbuka dunia uliyofikia, unalala, unaamka, unaendelea. Tena NES ina mipaka yake: kwenye mstari mmoja wa skrini inachora vipande 8 tu vya vitu vinavyotembea. Vikizidi, maadui wanaanza kumetameta. Na ukingo wa kulia wa skrini rangi zinachafuka kila ukikimbia. Ukishauona uchafu huo mara moja, macho hayatulii tena.

Kobe_Mwekundu
Nakubali kuhusu kusevu, kuhusu michoro hapana. Angalieni gemu lenyewe lilivyotengenezwa: linaanza na pazia linafunguka, vizuizi vimefungwa kwa skrubu, vina vivuli ukutani, na mwisho wa hatua unatoka pembeni kwenye giza. Ni jukwaa la maigizo, na Miyamoto, mbunifu wa Mario, mwenyewe alilithibitisha hilo mwaka 2015. Ndiyo maana ukidondoka 1-3 unapita NYUMA ya mandhari. Ile michoro bapa ya 1988 inafanana na mbao zilizopakwa rangi. All-Stars wameongeza milima na kina kwa nyuma, ikapendeza, lakini jukwaa halionekani sana.

(Na kile kiatu cha kijani cha 5-3, nani alikaa akaamua kitokee hatua moja tu kwenye gemu zima? Bado sijamsamehe.)

Rubani
Advance 4 mnaipita kama haipo. Ina hatua 38 za ziada ambazo zamani ulizipata kwa kupitisha kadi kwenye e-Reader, kisomaji cha kadi cha GBA. Toleo la mashine ya Wii U la 2016 lilizikusanya zote. Zipo nzuri kuliko za gemu lenyewe, nasema bila aibu.

Ubaya wake ni skrini. GBA ina pikseli 240 kwa 160, SNES ina 256 kwa 224. Kwa hiyo kwenye meli za angani unaruka hujui unatua wapi. Na Mario anaongea, anaongea, anaongea.

Halafu Mzee, ukisema "ya asili" taja ipi. Ile ya Japani, ukiguswa ukiwa na mkia unarudi mdogo moja kwa moja. Ya Marekani inakushusha ngazi moja tu.

MzeeWaKaseti
Ya Marekani. Mimi mkaidi, si mwendawazimu.

Bi_Pikseli
Toleo lolote utakalochagua, weka TV kwenye mpangilio wa gemu. TV nyingi za sasa zinachakata picha kwanza, na kidole kinapobonyeza Mario anachelewa kidogo. Nusu ya wanaosema "gemu hili limekuwa gumu" wanapigana na TV.

KidoleGumba
Na kurudisha nyuma kwenye emuleta, ile programu inayoiga mashine ya zamani?

Kobe_Mwekundu
Usiguse. Ile mita ya P, ya kasi yako, inajaa unapokimbia, unaamua kuruka au kusubiri, moyo juu. Ukijua unaweza kurudi sekunde tano, hakuna uamuzi tena.

KidoleGumba
Wiki mbili baadaye, nimerudi. Nilianza na ya NES, ya Marekani. Jumamosi nzima. Nikafika Dunia ya 6, nikateleza kwenye barafu ile ile ya utotoni, maisha yakaisha, nikazima. Firimbi zote mbili zilikuwa mfukoni, sikuzipuliza. Mzee, nimekuelewa.

Nikahamia All-Stars, nikavuka 6, nikahangaika na mabomba ya 7, sasa niko 8. Vifaru vya vita vimenimaliza. Nina P-Wing (bawa la kupaa hatua nzima) moja tu nimeitunza tangu zamani.

Rubani
Itumie hapo hapo kwenye vifaru. Paa juu kabisa, mwishoni shuka uingie bomba.

MzeeWaKaseti
Na ukifika kwenye manowari, usihangaike na sitaha. Ingia majini, ogelea chini yake mpaka meli ya mwisho.