Wachoraji wa komiki na animesheni: siku iliyokuuma kuliko zote kwenye matamasha, tupeane uzoefu

Wino Mweusi:
Wakuu salama. Jana kanipigia jamaa mmoja, anataka nichukue meza kwenye tamasha lao la komiki na anime (katuni za Kijapani) hapa Dar, hata hajamaliza kuongea mi nshakasirika. Sio kosa lake, ni vile alinikumbusha mara ya mwisho nilivyolipia meza. Tulitangaziwa wachoraji tutakaa mlangoni, kufika tunakuta tumesogezwa nyuma kabisa jirani na spika za wacheza gemu, mteja akikuuliza bei unamjibu kwa vidole. Hilo nikavumilia. Kilichoniuma ni watu kuja na simu, anafunua komiki yangu ukurasa wa kwanza, anapiga picha, wa pili, anapiga, mpaka mwisho, halafu anakwambia "uko vizuri bro" anasepa. Kaisoma yote bure na anaenda kuirusha kwenye grupu. Jioni akaja baba na mwanae, dogo kafungua kitabu akaanza kucheka peke yake, yaani anacheka kweli pale pale nilipotaka msomaji acheke. Baba akamvuta mkono, "achana na hivyo vikaragosi", akamnunulia bango la Naruto, yule wa anime, meza ya pili. Bango bei yake ilikuwa kubwa kuliko komiki yangu.
Nataka kusikia na wenzangu. Siku gani ilikuuma na ulifanya nini.

Karatasi A3:
Ya kupigwa picha kila ukurasa imenikuta pia. Wanaona ni kawaida kabisa.

Binti Spana:
Mi sio mchoraji ni wa kosplei, tunaovaa kama wahusika wa katuni, lakini naomba niingie maana hata sisi tunaumia. Vazi langu nilishona mwenyewe, silaha nimechonga kwa sponji la godoro na mikeka ile ya mazoezi, nikapaka rangi usiku kucha hadi kichwa kinauma na harufu. Kondakta akanilipisha siti mbili sababu ya mabawa, sawa. Mlinzi getini akashika ule upanga akasema silaha haziingii, ukiubonyeza unabonyea kabisa lakini akakataa, ukabaki kwake. Ndani sasa ndo balaa, mijitu mizima inakuja kupiga picha na wewe, mkono unaanzia begani unashuka. Nimemtoa mmoja mkono mara ya kwanza, ya pili nikapiga kelele ukumbi mzima ukageuka. Waandaaji wakaniambia nisiharibu tamasha. Mimi ndo nisiharibu. Jamani kuvaa kosplei sio ruhusa ya kuguswa, liandikeni hilo mlangoni kwa herufi kubwa kuliko bei ya tiketi.

Mdau wa Ubungo:
pole sana dada. na hao waandaaji ulitakiwa uwataje hapa

Binti Spana:
Sitaji mtu, nataka wabadilike wote.

Fremu kwa Fremu:
Niko Mwanza, nafanya animesheni ya mkono. Niwape hesabu kidogo wasiojua. Picha zinazotembea ni fremu 24 kwa sekunde, sisi wa mkono tunachora 12 kila moja inakaa fremu mbili. Dakika moja hiyo ni michoro 720, bado hujapaka rangi bado sauti bado mandhari ya nyuma. Halafu mtu anakuja anakwambia "nifanyie katuni ya dakika moja ya duka langu, nina elfu hamsini". Gawanya mwenyewe uone ananilipa ngapi kwa mchoro.
Siku yangu mbaya ni filamu yangu fupi kuonyeshwa usiku wa maonyesho ya wazi, sauti haikutoka. Nilileta flashi asubuhi tukajaribu ikatoka vizuri, jioni kabadilika mtu wa projekta, laptopu nyingine, hana programu ya kusoma ile faili, akaibadilisha harakaharaka, picha ikaja bubu. Ni hadithi ya bibi anayezungumza na kenge, wote wawili wanafumbua midomo tu. Nilienda mbele kumwambia asimamishe akasema ratiba imebana. Watu wakapiga makofi ya heshima. Makofi yale yaliniuma kuliko wangezomea.

Karatasi A3:
Mkuu uwe unabeba laptopu yako na kebo yako. Flashi usimwachie mtu.

Fremu kwa Fremu:
Nilibeba. Walikataa kuchomoa yao.

Mchoro wa Rongai:
Sasa ngojeni niwaambie yangu. Mimi ni wa Nairobi. Nina mhusika wangu anaitwa Fundi Wanza, dem mekanika, ovaroli ya bluu, gambuti moja ya njano na nyingine nyeusi, kovu kwa nyusi ya kushoto. Nimemchora tangu niko shule ya upili. Niliprinti kijitabu chake nikauza kwa komiki kon moja hapa, wasee wengi wakapiga picha kurasa, vile tu Wino anasema. Ikaisha hiyo. Miezi baadaye niko kwa jam Lang'ata Road, mbele yetu kuna nganya mpya ya Rongai, zile matatu za kupambwa, taa kila mahali, muziki hadi dirisha letu linatetemeka. Naangalia nyuma yake, namwona Wanza. Urefu wa mlango mzima wa nyuma! Gambuti ya njano, kovu, kila kitu, isipokuwa mahali pa spana wamempea maikrofoni. Manze nilishuka kwa matatu yangu katikati ya jam, sikungoja hata chenji, nikakimbia kati ya magari nikadandia hiyo nganya. Nikamuuliza makanga (konda) huyu msichana ni nani, akaniambia kwa madaha, "huyo ni dem wa gari yetu, haujui yeye?"
Nimefika kazi, nitamalizia jioni.

Mdau wa Ubungo:
weeeee usituache hapo

Kalamu ya Pwani:
Huyu bwana harudi. Tuendelee na mada. Mimi Mombasa, shida yangu ni ukumbi…

Karatasi A3:
Hakuna cha ukumbi mkuu tunasubiri nganya.

Kalamu ya Pwani:
Basi mtu mmoja akipanda matatu wengine wote tunyamaze? Mimi nilitaka kusema kwamba sisi wa Pwani kila kitu ni Nairobi. Nauli, kulala, meza, mizigo, ukirudi umeuza stika tu. Kwenye matangazo tunaambiwa tamasha ni la nchi nzima.

Mwana Lubumbashi:
Jambo bandugu. Mie niko Lubumbashi, ile unasema ya Nairobi, kwetu iko mbaya zaidi. Mambo makubwa ya bédé (komiki) banafanyaka paka Kinshasa tu, na toka huku mpaka kule ni avion (ndege), na bei ya avion mchoraji ataitosha wapi? Na watu banajua Kongo iko na bachoraji wakubwa, Barly Baruti mwenyewe, mchoraji wa komiki, ni mutoto wa Kisangani, albamu zake zinatoka Ulaya. Lakini kijana wa huku anachora kwa daftari, anaonyesha marafiki, inaishia pale.

Mzee wa Gazeti:
Vijana nawasoma. Sisi tulikulia kwenye Sani, jarida la vibonzo, tunasubiri toleo jipya kwa muuza magazeti, nakala moja inasomwa na mtaa mzima mpaka gamba linatoka. Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Madenge, Pimbi, mtu aliyekuwa hajui kusoma alikuwa anasimuliwa na anawajua wote. Kabla ya hapo kulikuwa na kibonzo cha Chakubanga wa Christian Gregory kwenye gazeti la Uhuru. Wenzetu Kenya walikuwa na Juha Kalulu wa Edward Gitau kwenye Taifa Leo. Hakukuwa na tamasha wala meza wala beji. Komiki ilimfuata msomaji alipo, nyie mnamsubiri msomaji alipe kiingilio, apande ngazi ya umeme, akukute nyuma ya spika. Mtoto wa Tandale atafika saa ngapi hapo.

Wino Mweusi:
Mzee hapo umesema kweli kabisa. Hata komiki ya Shujaaz walipoanza Kenya 2010 waligawa bure, iko ndani ya gazeti, iko kwa mawakala wa M-Pesa, ndo maana kila kijana alimjua mhusika wao DJ Boyie. Na ilishinda tuzo ya Emmy ya kimataifa 2012. Ila wale walikuwa na wafadhili, sisi nani atalipia uchapaji?

Mzee wa Gazeti:
Chapa rangi moja, karatasi ya gazeti. Sani za enzi zile hazikung'aa na tuliziweka chini ya mto.

Studio ya Chumbani:
Karatasi ya gazeti 2020 na ngapi hii? Uza PDF kwa watsapu, mtu anatuma hela kwa simu unamtumia faili, umemaliza.

Karatasi A3:
PDF ukimtumia mmoja umewatumia wote. Nimeshatumiwa komiki yangu mwenyewe na mtu akaniambia "soma hii ni kali".

Mchoro wa Rongai:
Nimerudi. Makanga alinipea namba ya msee wa grafiti, nikaenda hadi gereji. Nilikuwa nimebeba kijitabu, daftari za zamani, kila kitu, nilikuwa tayari kwa fujo. Kijana mdogo hivi, mkono mzuri sana, lazima niseme. Nikamwekea kitabu mezani. Akatoa simu, akanionyesha picha, ni ukurasa wangu, hadi ncha ya kidole changu inaonekana nikishikilia karatasi. Alitumiwa na mtu aliyetumiwa na mtu. Nikamuuliza sasa ulidhani ni ya nani? Akasema, "mi nilijua ni ya Japani. Hii kazi vile imeshika sikudhani ni msee wa hapa".
Hasira yote iliisha, ikaingia kitu kingine mbaya zaidi. Alikuwa ananisifu. Mwenye gari alikataa kulipa, akasema yeye ashalipa mchoraji. Yule kijana peke yake ndiye aliandika jina langu na namba chini ya gambuti, rangi yake, bure. Nilipigiwa simu, ndio. Ukuta wa kinyozi, tisheti za chama. Hakuna hata mmoja aliuliza komiki. Halafu gari ikapakwa upya, mnajua nganya hazikai na mchoro mmoja, sasa hapo kuna mchezaji mpira.

Binti Spana:
Ya Japani!! Imeniuma hiyo.

Sheria Kwanza:
Ungemshtaki mwenye gari. Kazi yako inalindwa tangu ulipoichora, si lazima uwe umesajili popote. Kenya na Tanzania zote mbili haki ni maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Kusajili kunakusaidia tu kwenye ushahidi, na wewe daftari za zamani unazo. Mwenye gari anaingiza pesa kwa sura ya Wanza kila siku.

Studio ya Chumbani:
Wakili gani wa bei ya kijitabu? Hiyo nganya ni tangazo la bure, wengine tungelipia.

Mchoro wa Rongai:
Tangazo la nani kama watu wanadhani ni la Japani?

Dogo Printi:
Samahanini ila kuna kitu hamkisemi. Nusu ya meza za matamasha ni Naruto, Goku, Luffy. Hao mmewaomba ruhusa? Kishimoto aliyemchora Naruto yupo hai. Kama nganya ni wizi basi na mabango yetu ni wizi, tuseme hivyohivyo.

Kalamu ya Pwani:
Si sawa hata kidogo. Kishimoto hapungukiwi na kitu, Mchoro wa Rongai analala njaa.

Sheria Kwanza:
Sheria haiulizi nani ana njaa. Dogo Printi yuko sahihi.

Dogo Printi:
Na mimi ndo nauza hizo Naruto, siwafichi. Komiki yangu ya mtemi Mirambo huwa inabaki mezani, printi za anime ndo zinalipa meza, nauli na uchapaji wa Mirambo. Nikiziacha Mirambo anakufa wa kwanza.

Wino Mweusi:
Mkuu kwa hiyo lile bango alilonunuliwa yule mtoto laweza kuwa lako.

Dogo Printi:
Inawezekana. Lakini sikumvuta mkono mimi. Alimvuta baba yake, na baba yake huyo kasoma Sani za Mzee hapo juu.

Mzee wa Gazeti:
Msigombane. Na wapo waliokula kwa kalamu, Gado katoka hapa Dar akaenda Nairobi 1992, Masoud Kipanya yupo mpaka leo watu wanafungua gazeti kumtafuta yeye.

Karatasi A3:
Hao ni vibonzo vya siasa mzee, gazeti linalipa. Hadithi ndefu nani analipa?

Fremu kwa Fremu:
Wapo wa nje. Kizazi Moto ya Disney 2023, filamu kumi fupi za animesheni za Waafrika, Raymond Malinga wa Uganda yumo, Ng'endo Mukii wa Kenya yumo. Hapa kwetu Ubongo wanatengeneza katuni Dar na watoto wanaimba nyimbo za katuni yao ya Akili nchi nzima. Yule baba anayesema vikaragosi, mwanae nyumbani anaangalia kazi ya Mtanzania kila asubuhi na yeye hajui. Kwa hiyo mimi naona tusiziache meza, ila mtoto akicheka mwambie huyu kachorwa hapa, na mwambie baba, kwa sauti, hata kama spika zinapiga.

Studio ya Chumbani:
Na komiki zote mezani zifungwe kwenye nailoni. Achia kurasa mbili tu za kuonja. Anayetaka kupiga picha apige gamba.

Binti Spana:
Ukifunga nailoni dogo atachekea wapi sasa?

Karatasi A3:
Weka nakala moja ya wazi, ifunge kwa kamba kwenye meza na ukae nayo mkononi. Mimi nimeanza hivyo, kupiga picha kumepungua.

Kalamu ya Pwani:
Mchoro wa Rongai, Wanza unaendelea naye au uliacha?

Mchoro wa Rongai:
Naendelea. Yule kijana wa gereji ndiye ananipakia rangi za toleo la pili. Sahihi yangu sasa iko ndani ya mchoro kwa ovaroli, si kwa kona ya karatasi, ukitaka kuitoa lazima umvue nguo.

Mwana Lubumbashi:
Ile ya pili mutatuma mpaka Lubumbashi? Dereva ba malori banatoka Dar kila siku.

Dogo Printi:
Wino, hilo tamasha ulilopigiwa simu ukichukua meza tugawane nusu kwa nusu. Nalipa nusu yangu leo. Naleta Mirambo, anime nitaweka upande wa chini.

Wino Mweusi:
Nipigie. Ila kwanza namuuliza huyo jamaa spika anaziweka wapi.