Wiki 2 bila wanga kabla ya kupunguzwa tumbo, za nini?

Mama anafanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula, ili apungue uzito, mwezi ujao. Kaambiwa wiki 2 asiguse ugali wala wali. Kwa nini? Na ugali ataurudia lini?

— Hizo wiki 2 ni za kulipunguza ini. Ini lenye mafuta huvimba likalifunika tumbo, daktari akakosa pa kupitishia vifaa. Baada ya upasuaji ni maji na supu iliyochujwa, halafu vinywaji vizito, vyakula vilivyosagwa kuanzia wiki ya 3 hivi, kisha vyakula laini. Ugali na chapati huja mwisho kabisa, kwani hushikana tonge na kukwama, atapike. Aanze na samaki, yai, maharage ya kuponda. Protini gramu 60 hadi 80 kwa siku, nayo iliwe kwanza.

— Maji asichanganye na chakula, asubiri dakika 30. Anywe kidogokidogo mpaka lita 1.5 kwa siku. Soda aiache.

— Wengi hujisahau kwenye dawa za maumivu: diklofenaki na ibuprofeni huleta vidonda vya tumbo, aulizie parasetamoli. Vitamini ni za maisha, hasa B12. Madini ya chuma yaachane na kalsiamu kwa saa 2, na asiyameze na chai!