Mafundi mitambo mnaiua besi halafu lawama anabebeshwa mpiga gitaa

Wakuu habari za jioni. Leo nina hasira na nataka niseme yote hapa, maana kanisani nikisema naambiwa nina kiburi na kwenye maharusi nikisema naambiwa "kaka we piga tu tumalize". Naomba mtu anijibu, kwa nini ukumbi ukivuma mtu wa kwanza kushushwa sauti ni mpiga besi? Mpiga kinanda haguswi, dramu haziguswi, maiki za kwaya zimepangwa mstari mzima na zote zimefunguliwa nobu ya besi, nazo haziguswi, ila ile chaneli yenye plasta imeandikwa BESI kwa maka peni ndiyo inavutwa chini mpaka mwisho, halafu fundi anarudi kwenye simu yake kuchati.

Kwa wasionijua, gitaa sio linalonilisha, nina kazi nyingine. Napiga kwaya Jumapili na napiga na jamaa zangu kwenye sendofu na harusi tukipata. Gitaa nimenunua kwa hela yangu, nyuzi kwa hela yangu, kebo kwa hela yangu, naenda mazoezi usiku nimechoka na kazi, yote kwa sababu naipenda besi. Sasa mtu unajituma hivyo halafu siku ya tukio hausikiki, au unasikika kama ngurumo tu isiyo na noti, na watu wanaondoka wakisema yule mpiga besi hamna kitu. Inauma jamani.

Jumapili iliyopita ndio imenifikisha hapa. Kanisa letu juu bati, chini vigae, kuta zimepigwa plasta na hakuna hata pazia moja, yaani sauti ikitoka inagonga kila upande inarudi. Sabufa mbili fundi kazisukumia kwenye pembe kabisa za ukuta ili zisizibe njia. Sabufa ikikaa kwenye pembe, kuta mbili na sakafu zinairudishia nguvu, besi inapanda yenyewe kabla hujagusa nobu yoyote, na hilo kila anayejiita fundi anatakiwa alijue. Wimbo wa kwanza tu ukumbi ukaanza kunguruma. Nikaacha kupiga. Nikalaza kiganja juu ya nyuzi zote nne zikanyamaza na nikageuza volumu ya gitaa mpaka sifuri. Ukumbi ukaendelea kunguruma vilevile! Nikamwinulia fundi mkono kumwonyesha kwamba mimi sipigi kitu. Akaniangalia, akavuta fideri yangu chini. Sasa unashusha nini na mtu hapigi?

Ibada ilipoisha nikamfuata kwa heshima zote.

"Fundi, kinachovuma sio gitaa, ni mkono wa kushoto wa kinanda na hizo maiki."

"Kaka, mzee wa kanisa kasema besi ipunguzwe, mimi nimepunguza besi."

"Mzee hawezi kujua ni chombo gani, wewe ndio fundi."

"Basi kaongee naye."

Nikaenda, shikamoo mzee, marahaba kijana, nikamweleza taratibu, naye akanijibu kwamba sisi vijana tunapenda makelele. Hata sikumlaumu yeye. Yeye kasikia mngurumo akauita besi, ni haki yake, anayelipwa kujua mngurumo unatoka wapi ni mtu wa mitambo.

Na jambo lenyewe wala sio gumu. Gitaa la besi la nyuzi nne, uzi mnene kuliko wote ukiupiga wazi ni Hz 41 (yaani unatetemeka mara 41 kwa sekunde), unaofuata Hz 55, halafu 73, halafu 98. Huko chini ndiko nyumbani kwetu, mimi na teke la dramu (ile dramu kubwa inayopigwa kwa mguu) basi. Sasa maiki ya mwimbaji inatafuta nini huko? Mwanaume anayeimba besi kwenye kwaya noti zake za chini ziko kwenye Hz 80 hivi, akina mama wako juu zaidi. Kinachoingia kwenye maiki chini ya hapo ni pumzi, vishindo vya miguu jukwaani, upepo wa feni na ile sabufa yenyewe inajisikia inajirudia. Ndio maana kwenye mikisa nyingi, hata hizi ndogo za bei ya kawaida, chaneli ya maiki ina kitufe kidogo kimeandikwa 80 Hz au 100 Hz, kazi yake kukata huo uchafu. Bonyeza kwenye maiki zote, mngurumo unapungua palepale. Siku hiyo nikaenda kuangalia mikisa yetu baada ya watu kutoka, hakuna kitufe hata kimoja kilichobonyezwa. Hata kimoja! Vimejaa vumbi, inaonekana tangu mikisa inunuliwe hakuna aliyewahi kuvigusa.

Halafu wapiga kinanda, na ninyi leo mtanisikia. Hivi vinanda vya Yamaha PSR ambavyo makanisa mengi wanavyo, ukiwasha staili inakuja na dramu zake na besi yake humohumo ndani. Mimi nimesimama pale na gitaa, na mwenzangu kawasha staili ya sebene na besi ya mashine inapiga, tena mara nyingi haipigi noti ninazopiga mimi. Akizima staili ndio balaa zaidi, mkono wa kushoto unakandamiza oktava chini kabisa muda wote. Kaka yangu, kwenye vingi vya hivyo vinanda kuna sehemu ya kuzima chaneli za staili moja moja, unazima besi na vingine vyote vinaendelea, haikupunguzii kitu! Na mkono wa kushoto upandishe katikati, acha huko chini kuna mtu. Besi mbili hata zikipiga noti moja hazikai, noti yangu ya A ya Hz 55 ikiwa imeshuka hata Hz moja tu kutokana na joto la ukumbi basi zile sauti mbili zinavimba na kusinyaa mara moja kila sekunde, na msikilizaji anajua tu kuna kitu kinamkera kifuani, hajui ni nini, anasema besi ipunguzwe. Tumerudi kulekule.

Kitu kingine kinachonitoa machozi ni hii tabia ya kukata midi ya besi, yaani zile sauti za katikati, eti "naisafisha". Fundi anashika ekwalaiza, midi anashusha yote, lo, yaani sauti za chini, anapandisha mpaka mwisho, anatabasamu. Umesafisha nini hapo? Sikio la binadamu huko kwenye Hz 41 ni zito sana. Noti ya besi tunaitambua kwa sauti zinazopanda juu yake, 82, 123, 165 na kuendelea mpaka kwenye mamia huko ambako unasikia kidole kikigusa uzi. Ukikata hizo kinachobaki ni mtikisiko, mimi naweza nikapiga C au F na wewe uliyekaa kiti cha nyuma hutajua tofauti. Wazee wetu walikuwa na redio ndogo za betri, spika yake inaenea kwenye kiganja, ile spika Hz 41 haiwezi kuitoa kabisa, lakini rekodi za RTD (Radio Tanzania) za bendi za Mlimani Park na Msondo zikipigwa gitaa zito lilikuwa linasikika noti kwa noti, mtu yuko shambani analiimba kwa mdomo. Tom Malanga, mpiga besi wa bendi ya Les Wanyika, mpaka leo ukimsikiliza kwenye simu bila spika yoyote ya nje unasikia kila anachofanya. Ile ni midi! Wale waliorekodi waliiacha midi ya besi iishi, na hawakuwa na hata robo ya vifaa tulivyonavyo sasa.

Na msiniambie ninunue gitaa la nyuzi tano, hilo nimechoka kuambiwa. Uzi wa tano ni Hz 31, sabufa nyingi hizi za kukodi chini ya Hz 40 hazina kitu tena, ni koni inacheza tu. James Jamerson aliyepiga besi kwenye nyimbo za kampuni ya Motown kule Detroit, Marekani, alitumia Fender Precision ya kawaida ya nyuzi nne, mkono wa kulia kidole kimoja tu cha shahada, na nyuzi zake za bapa alikuwa hazibadilishi mpaka zikatike. Precision yenyewe ilitoka mwaka 1951 na mpaka leo bado watu wanarekodi nayo. Tatizo sio idadi ya nyuzi.

Tatizo ni kebo yangu kuchomekwa moja kwa moja kwenye tundu la laini la mikisa na kuvutwa kutoka jukwaani mpaka kule nyuma mlangoni. Gitaa langu ni la kawaida halina betri, pikapu zake (zile sumaku zinazonasa mtikisiko wa nyuzi) zinataka kukutana na kitu chenye ukinzani mkubwa, amplifaya ya besi inakuwa na kama megaohm moja (kilo-ohm 1000), lile tundu la laini ni kama kilo-ohm 10 au 20 hivi. Pikapu inazidiwa, trebo, yaani sauti za juu, inakufa njiani, sauti inafika imefunikwa blanketi. Dawa yake ni DI boksi, kidude cha ukubwa wa kopo la dagaa, unachomeka gitaa huku, huku inatoka kebo ya maiki, umemaliza. Fundi ana spika za mamilioni, ana taa zinazozunguka, ana mashine ya moshi ya kuingiza maharusi, DI hana! Ukimuuliza anakwambia "inaingia tu hiyo chomeka". Inaingia ndio, ila inaingiaje?

Wenzangu wenye magitaa ya betri nao wana yao. Ile betri ya volti 9 inaanza kuliwa pale unapochomeka jeki, sio pale unapopiga. Sasa gitaa la kanisa kila wiki vijana wanaliacha limechomekwa kutoka mazoezi ya Alhamisi mpaka Jumapili, baada ya muda betri imekwisha, sauti inapasuka, na mtu anatangaza kwamba gitaa bovu tununue jingine. Chomoeni jeki jamani, betri ni hela ndogo. Na wauza maduka mnaochora nembo ya Fender kwenye magitaa yasiyo Fender halafu mnamuuzia kijana wa kwaya kwa michango ya wazee, nyie nitawafungulia mada yenu, leo sio zamu yenu.

Hili la mwisho sio la sauti ni la uhai kabisa na ndilo linaloniogopesha. Plagi ya miguu miwili haiingii kwenye soketi zetu za matundu matatu, kwa hiyo fundi anachukua kalamu anachokonoa tundu la juu, kifuniko kinafunguka ndani, anasukuma plagi, anaendelea. Kwingine nimekuta plagi ya miguu mitatu ule mguu wa juu wameukata kabisa kwa koleo kwa sababu eti ndio unaleta mlio. Huo mguu ndio waya wa ardhini! Mlio ni wa umeme wenyewe, Hz 50, uko jirani kabisa na G ya chini ya gitaa langu ambayo ni 49, kwa hiyo hata kuutoa kwa ekwalaiza huwezi bila kuniua mimi. Na mtu akikata ardhi, mimi nimeshika nyuzi za chuma zilizounganishwa na amplifaya moja, mdomo uko kwenye maiki iliyounganishwa na mfumo mwingine, naitikia kiitikio. Nimeshapigwa shoti ya mdomo jukwaani, mbele ya watu, nikaruka nyuma, emsii akadhani nacheza akanishangilia. Fundi nilipomwambia akanijibu nivae viatu vya raba. Mtu anakwambia uvae raba badala ya yeye kurudisha waya!

Najua watakuja hapa mafundi kusema wanalipwa kidogo, wanafunga mitambo usiku wa manane, kamati za harusi zinawasumbua. Naelewa na nawaonea huruma. Ila kubonya kitufe cha 80 Hz hakuna gharama. Kuitoa sabufa kwenye pembe hakuna gharama. Kumwita mpiga besi mapema dakika mbili apige peke yake, halafu apige na kinanda, usikie nani ni nani, hakuna gharama yoyote. Dada mmoja aliwahi kutufungia mitambo kwenye sendofu, mikisa ndogo, spika za kawaida tu, alifanya hivyo vitu na mwisho wa shughuli kuna mzee akanifuata kunishika mkono akasema leo nimesikia gitaa zito kama zamani. Kwa hiyo inawezekana.

Mimi nimeshaamua. Harusi ya wiki ijayo naenda na DI yangu mwenyewe, kebo yangu ya maiki, na kile kidude cha kupimia soketi kama ina ardhi. Soketi isipokuwa na ardhi sichomeki. DI fundi akikataa kuipokea nafunga gitaa kwenye begi kabla maharusi hawajaingia ukumbini, na kamati ikiuliza besi iko wapi wakamuulize yeye. Wapiga besi mliomo humu semeni na nyie huko kwenu mnafanyiwa nini, na wapiga kinanda kabla hamjaja kunitukana nendeni kwanza mkazime ile besi ya kwenye staili.