Taifa na kwa Mkapa ni uwanja mmoja au miwili? Nimebishana na mzee

Dogo_wa_Mtoni
Wakuu salama? Nisaidieni hapa, jana nimebishana na mzee wangu mpaka chai imepoa. Mzee ni Simba lialia, anasema 1993 alikuwepo Taifa siku Simba wanalikosa Kombe la CAF mbele ya Stella Abidjan. Mimi nikacheka, nikamwambia baba 93 umeingiaje kwa Mkapa wakati ule uwanja umefunguliwa 2007?? Akanikata jicho, akasema mimi sijasema kwa Mkapa, nimesema Taifa. Sasa mimi nimekua nasikia huu wa watu elfu 60 ndo unaitwa Taifa. Taifa ni ipi jamani?

Mkongwe wa Keko
Kamuombe mzee msamaha leo leo hahaha. Taifa ya mzee wako ni ule wa pembeni, Uhuru, wengine tunauita Shamba la Bibi. Pale ndo bendera ya Tanganyika ilipandishwa usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961, na pale ndo Simba alimpiga Yanga 6-0 mwaka 1977 (watani mtanisamehe). Wachina walipomaliza kujenga huu mkubwa jina la Taifa likahamia huku, la zamani likabaki Uhuru, halafu 2020 alipofariki mzee Mkapa, Magufuli akatangaza huu mkubwa uitwe Benjamin Mkapa. Kwahiyo mtu wa miaka 60 akikwambia Taifa muulize kwanza mwaka gani. Hiyo ya 93 hata mimi nilikuwepo, kule Abidjan tulitoka 0-0 tukajua kombe letu, Boli Zozo akatutia mbili nyumbani, Rais Mwinyi yuko jukwaani anaangalia. Nimerudi Keko kwa miguu siongei na mtu.

Msukuma Original
Nyie wa Dar mnadhani mpira wote umechezwa Temeke. Ile mechi wazee wanaiongelea mpaka leo, Simba na Yanga ya 1974, ilichezwa Nyamagana hapa hapa Mwanza, sio Kirumba, Nyamagana. Simba kaongoza, marehemu Gibson Sembuli akasawazisha, dakika za nyongeza Sunday Manara akamaliza kazi, 2-1. Sahizi Nyamagana pana nyasi bandia, madogo wanapita pale hawajui wanakanyaga nini.

Dogo_wa_Mtoni
Asanteni sana. Swali la nyongeza, kwanini huko mikoani viwanja vingi ni vya CCM? Kirumba CCM, Sokoine Mbeya CCM, Mkwakwani CCM, Jamhuri nayo.

Mkongwe wa Keko
Enzi ya chama kimoja chama na serikali vilikuwa kitu kimoja dogo, wananchi wanachangishwa, wanajitolea nguvu zao, uwanja unasimama, nani angeuliza hati iko kwa nani? 1992 vyama vingi vikarudi, viwanja vikabaki kwa chama. Wengine wanasema virudi halmashauri, wengine wanasema halmashauri yenyewe choo cha stendi imeshindwa. Mimi nachojua ni kwamba kila msimu kuna uwanja unafungiwa kwasababu ya pichi, timu inahama mkoa kwenda kucheza "nyumbani" ugenini. Ndo maana Azam walipojijengea wao Chamazi niliwavulia kofia na mimi sio Azam.

Binti Kaloleni
Naongezea kwenye majina maana watu wanayataja tu. Sheikh Amri Abeid hapa Arusha watu wanadhani ni tajiri alitoa kiwanja, kumbe alikuwa mshairi mkubwa wa Kiswahili, akawa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar na baadae waziri, akafariki 1964. Majimaji Songea ni ile vita ya 1905 mpaka 1907. Sokoine ndo Waziri Mkuu wetu aliyefariki kwa ajali 1984. Sasa huku tumejengewa mwingine wa watu elfu 30 kwa ajili ya AFCON 2027, ila kwangu Sheikh Amri Abeid ndo uwanja, upo katikati ya mji, unatoka kazini unaingia.

Mpemba wa Darajani
Mbona Amaan wa huku Zanzibar hamuutaji? Umejengwa 1970 kwa msaada wa Wachina, ukaja kukarabatiwa ukafunguliwa tena Disemba 2023. Na 2025 marudiano ya fainali yenu Simba ya Kombe la Shirikisho Afrika na Berkane ya Morocco mlikuja kuchezea kwetu wakati kwa Mkapa kuna matengenezo, mkatoka 1-1 kombe likaondoka. Uwanja hauna kosa lakini 😂

Dogo_wa_Mtoni
Nimemsomea mzee yote. Amecheka kwenye Keko kwa miguu, anasema yeye alitembea mpaka Mtoni. Halafu akaongeza kwamba 1979 pia alikuwepo hapo hapo Taifa Mufulira Wanderers walipotupiga 4, akaapa hasikilizi redio ya marudiano. Simba akaenda Lusaka akashinda 5-0, mzee akaja kuambiwa na jirani wa Yanga, akajua anataniwa, akamfukuza mlangoni.