Mrejesho: roketi ya umbo la kisahani, nimechagua povu

Wakuu, niliuliza nitumie kadibodi, balsa (mbao nyepesi sana) au povu gumu kutengeneza roketi ya mfano yenye umbo la kisahani. Nimeenda na povu, na imeruka vizuri mno!

Aliyenionya kuhusu supagluu, asante sana. Nilidondoshea tone kwenye kipande cha ziada, likalila povu mpaka likaacha shimo. Gundi nyeupe ya mbao inachelewa kukauka lakini haidhuru povu. Bomba la injini ni la kadibodi, maana joto linayeyusha povu. Nusu ya bomba imechomoza juu ya kisahani, hivyo uzito umekaa mbele na kinapanda wima. Parachuti sijaweka kabisa: ule upana unakamata hewa, kinashuka taratibu.

Sasa naandaa kikubwa zaidi, nitakibandika karatasi juu kisimeguke kingo.