Ekskaveta inapoteza mawasiliano na injini ikishapata moto: nibadilishe kompyuta?

Mpaka_Grisi

Wakuu, naombeni mawazo kabla sijafanya jambo la kujutia. Nina ekskaveta ya tani 20 inayonitesa wiki ya pili sasa. Asubuhi inawaka vizuri na inachimba bila shida. Ikishapiga kazi kama saa nzima, skrini ya kabini inaanza kulia, mzunguko wa injini unasoma sifuri, joto la maji linapotea, na injini inashuka yenyewe hadi mwendo wa chini. Hapo hata uzungushe swichi ya mwendo mpaka mwisho haipandi. Haizimi, inanguruma tu kwa unyonge. Nikiizima ikapoa, inarudi kama hakuna kilichotokea.

Msimbo unaojitokeza ni SPN 639 FMI 9. Nilivyoelewa, 639 ni mtandao wenyewe wa J1939, yaani zile nyaya mbili ambazo kompyuta za mtambo huongea kupitia, na 9 maana yake taarifa hazifiki kwa wakati wake. Fyuzi nimekagua, rilei ya kompyuta ya injini nimeibadilisha na ya jirani yake, betri zinasoma volti 25.4. Hakuna nafuu. Bosi anasema kompyuta ya injini imeungua, anataka kuagiza nyingine. Moyo wangu unakataa ila sina cha kumjibu.

Bolti_17

Agizeni tu mkuu. Yangu ilikuwa hivyohivyo, nikabadilisha kompyuta, ikapona siku ileile.

MzeeWaNyaya

Msiagize kitu. Bolti, inawezekana yako ilipona kwa sababu ulichomoa plagi ukairudisha, pini zikajisugua zikashika vizuri, sifa ikaenda kwa kompyuta mpya. Nimeyaona hayo mara nyingi mno.

Kijana wangu, huo msimbo umeandikwa na nani? Kama ni skrini, basi skrini ndiyo inayolalamika kwamba haimsikii mwenzake, na anayelalamika si lazima awe ndiye mgonjwa. Niambie kitu kimoja: tatizo likiwepo, joto la mafuta ya haidroliki bado linaonekana kwenye skrini? Hilo huletwa na kompyuta ya pampu. Likibaki, ujue mtandao haujafa wote, aliyepotea ni injini peke yake au njia ya kumfikia.

Halafu pima. Zima ufunguo, kata betri, subiri dakika chache. Tafuta ile soketi ya duara ya pini 9 ya kuchomekea kifaa cha kusomea misimbo. Mita ya omu, ncha moja pini C, nyingine pini D. Unatakiwa uone kama 60, kwa kuwa kila mwisho wa waya mkuu una kikinzani cha omu 120, na viwili vikikaa sambamba vinatoa 60. Ukiona 120, upande mmoja umekatika. Ukiona 40, kuna aliyekuongezea cha tatu, na mara nyingi ni wale wanaofunga vifaa vya kufuatilia mtambo. Ukikaribia sifuri, nyaya mbili zimegusana.

Mpaka_Grisi

Shukrani mzee wangu. Nimepima asubuhi hii: 60.3. Na ndiyo, haidroliki inabaki kwenye skrini, ni taarifa za injini tu zinazotoweka. Kwa hiyo waya ni mzima? Turudi kwenye kompyuta?

MzeeWaNyaya

Homa ya vipindi haipimwi siku isiyo na homa. Pima ikiwa imegoma. Na ukishazima usiguse waya wala usipige mlango wa injini. Ukitikisa tu, kilichoachia kinagusa tena na umepoteza siku.

Mawimbi

Naongeza kidogo kwa Mzee. Ukiwa na ufunguo umewashwa, pima volti pia: waya wa njano wa mtandao (ule wa pini C) kwa arthi utasoma 2.6 au 2.7, wa kijani (wa pini D) 2.3 au 2.4, jumla inakaribia 5. Hizo ni wastani tu, maana mita ni nzito kufuata mabadiliko ya haraka. Ukweli ni kwamba zikiwa kimya zote mbili zinakaa kwenye 2.5, na data ikipita njano inaruka hadi 3.5 na kijani inashuka hadi 1.5. Ukipata osiloskopu, kile kifaa kinachochora mawimbi ya umeme kwenye skrini, utaona picha zikitazamana kama kioo. Wimbi moja likikatika au likijaa vijipembe vya ajabu, hapo hapo umepata waya wa kufuata.

Swali langu: kuna mtu amechomelea kwenye huo mtambo hivi karibuni bila kukata betri?

Mpaka_Grisi

Hakuna aliyechomelea. Ndoo ilibadilishwa meno tu, kwa nyundo.

Mpaka_Grisi

Nimerudi, na nimerudi na aibu.

Leo imegoma ilipofika kama saa nne hivi. Nikazima, nikakata betri kwa mkono wa mtu anayebeba mayai, nikapima C na D: 119. Nikakumbuka upande mmoja umekatika, lakini upi? Nikachomoa kikinzani cha upande wa kabini. Kama kingekuwa hicho ndicho kilichokufa, 119 ingebaki palepale. Badala yake mita ikaandika njia imekatika kabisa. Maana yake kile cha kabini ndicho kilichokuwa kinasomeka, na cha upande wa injini ndicho kilichopotea njiani.

Kati ya kabini na injini kuna konekta moja kubwa nyuma ya kiti. Nikaifungua nikitarajia maji au kutu ya kijani. Kavu, inang'aa. Nikachukua pini dume ya akiba nikaijaribu kwenye kila pini jike, moja moja. Zote ziliing'ang'ania, ilibidi kuvuta. Ya waya wa njano haikuishika kabisa, pini ilidondoka yenyewe. Jike limetanuka. Asubuhi linagusa, injini ikipata moto na mtetemo ukizidi linaachia.

Sasa aibu. Wiki mbili na ushee zilizopita nilikuwa natafuta hitilafu ya sensa ya joto la maji. Nilifungua konekta hiyohiyo, na kwa kuwa ncha ya mita haikuingia vizuri, niliisukuma. Nakumbuka hata nilivyoisukuma. Sensa niliitengeneza siku ile, na ndiyo siku nilipouzaa ugonjwa huu.

Nimebadilisha pini, nimeibana kwa koleo lake, nimesoma 60.1 nikiitikisa kila upande. Siku ya tatu leo, haijalia. Bosi nimemwambia ni pini. Nani aliyeitanua, hajauliza.

MzeeWaNyaya

Safi sana. Siku nyingine pima kwa nyuma ya konekta, upande wa waya, kwa sindano nyembamba. Ukilazimika kupima kwa mbele, chukua pini ya saizi hiyohiyo, iungie kipande cha waya, upimie hapo. Mimi ninazo kwenye kopo la kahawa, za kila saizi. Usiniulize nilijifunza vipi.

Bolti_17

Ile kompyuta yangu ya zamani bado iko stoo. Kesho naifunga tena nione.